Bilioni Moja za Elvis: Nani Alizihesabu?

Ukisoma chochote kinachotoka Graceland, nyumba ya Elvis Presley pale Memphis ambayo siku hizi ni makumbusho na biashara kubwa, hutachelewa kukutana na sentensi hii: Elvis ameuza rekodi zaidi ya bilioni moja duniani. Magazeti yameinakili, watangazaji wa redio wameirudia, na kwenye mabishano ya vijiweni inatajwa kama mtu anavyotaja mwaka wa kuzaliwa wa msanii. Upande wa pili wako RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani, ambacho ndicho hutoa vyeti vya dhahabu na platinamu. Kwenye orodha yao, albamu za Elvis zilizothibitishwa nchini humo ni zaidi ya milioni 130. Hapo katikati kuna pengo kubwa, na ukiongeza singo zake na nchi nyingine zote bado halizibiki kirahisi.

Mashabiki hulieleza pengo hilo kwa kusema kampuni yake haikutunza hesabu vizuri. Wabishi husema bilioni ni porojo za matangazo. Kila upande una chembe ya ukweli, lakini naona wote wanagombania jibu kabla ya kukubaliana juu ya swali. Kuuza rekodi mwaka 1956, mwaka 1977, mwaka 1992 na leo hii ni mambo manne tofauti, na kila moja lilipimwa kwa kipimo chake. Ukiyajumlisha unakuwa umejumlisha pishi za mchele na lita za mafuta, halafu unatangaza jumla bila kusema jumla ya nini.

Turudi mwanzoni. Rekodi ya kwanza ya Elvis sokoni ilitoka Julai 1954 kwa lebo ndogo ya Sun, hapo hapo Memphis. Ilitoka kwa maumbo mawili kwa wakati mmoja: sahani nzito ya mizunguko 78 kwa dakika, ile inayovunjika ikikuponyoka mkononi, na sahani ndogo ya plastiki ya mizunguko 45, ambayo RCA, kampuni kubwa ya rekodi ya Marekani, ilikuwa imeiingiza sokoni mwaka 1949. Novemba 1955 RCA ikamnunua kutoka Sun kwa dola 35,000, fedha ambazo wakati huo watu waliziona nyingi kupita kiasi kwa kijana wa miaka 20. Kwa miaka kama mitatu iliyofuata nyimbo zake ziliendelea kutoka kwa 78 na 45 sambamba, mpaka 78 zilipoachwa Marekani mwaka 1958. Juu ya hizo kulikuwa na albamu ndefu ya mizunguko 33, na kulikuwa na EP, sahani yenye umbo la 45 lakini iliyobeba nyimbo nne au tano.

Sasa mchukue binti wa miaka 15 mwaka 1957. Amependa wimbo "Jailhouse Rock". Ananunua singo. Baadaye inatoka EP yenye jina hilo hilo, ikiwa na wimbo huo huo na nyimbo nyingine za filamu, naye anainunua pia kwa sababu anazitaka hizo nyingine. Kwenye vitabu vya kampuni hizo ni rekodi mbili. Msikilizaji ni mmoja, na wimbo uliomvuta ni mmoja. Kosa halipo hapo, kwani kampuni imeuza vitu viwili kweli. Lakini ukimuuliza mtu wa leo "rekodi milioni moja" ni nini, atakuambia ni watu milioni moja.

Na kuna mfano unaokwenda kinyume. Julai 1956 RCA ilitoa sahani moja yenye "Hound Dog" upande huu na "Don't Be Cruel" upande ule. Nyimbo zote mbili zilishika, zikakaa kileleni mwa chati za Billboard, jarida la muziki la Marekani, wiki 11. Aliyetaka "Hound Dog" alipewa "Don't Be Cruel" juu yake, na kitabuni ikaandikwa rekodi moja. Leo nyimbo hizo hizo zikisikilizwa mtandaoni kila moja inahesabiwa peke yake. Yaani mapenzi yale yale ya watu kwa nyimbo zile zile yanatoa namba mbili tofauti, kwa sababu tu zamani plastiki ilikuwa na pande mbili.

Nani alihesabu wakati huo? Kwa kweli hakuna mtu wa nje aliyehesabu. Billboard walikuwa na orodha kadhaa kwa pamoja: zinazouzwa sana madukani, zinazopigwa sana na watangazaji, na zinazopigwa sana kwenye mashine za muziki za kutumbukiza sarafu. Ile ya madukani ilitokana na wenye maduka kuulizwa ni zipi zinazotoka kwa wingi. Walitoa mpangilio: ya kwanza hii, ya pili ile. Idadi ya nakala hawakutoa. Kwa hiyo chati ilikuambia Elvis amemshinda nani wiki hiyo, haikukuambia amemshinda kwa nakala ngapi. Idadi ilibaki kwa kampuni yenyewe, na kampuni huwa inatangaza namba inayoipendeza siku inayoipendeza. Mwaka 1956, baada ya Elvis kuimba "Love Me Tender" kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, oda za wimbo huo zilipita milioni moja kabla sahani haijafika dukani. Ilikuwa habari kubwa na ya kweli. Ila oda ni ahadi ya mwenye duka, na mwenye duka bado hajamwona mteja.

Mashine za sarafu ndizo zinazonifurahisha zaidi katika hadithi hii. Sahani moja ndani ya mgahawa ilipigwa mamia ya mara, kila mara na mtu aliyetoa senti zake mwenyewe. Kwenye mauzo ilihesabiwa moja. Ukitafuta babu wa kusikiliza mtandaoni, ndiyo hiyo: unalipa kidogo, unasikiliza mara moja, unaondoka bila kitu mkononi. Hakuna aliyefikiri wakati ule kwamba mapigo 150 ya mashine yawe sawa na rekodi moja iliyouzwa.

Mwaka 1958 RIAA walianza kutoa tuzo ya dhahabu. Kabla ya hapo kampuni zilitoa tuzo zenyewe. RCA Victor ndiyo iliyompa kiongozi wa bendi Glenn Miller sahani iliyopakwa dhahabu Februari 1942, kwa wimbo uliouza milioni moja na ushei. Ulikuwa utangazaji mtupu, na hakuna mkaguzi aliyeitwa. RIAA walitaka pawe na ukaguzi. Mwimbaji Perry Como akapata ya kwanza Machi 1958, na Elvis akapata yake Agosti mwaka huo kwa "Hard Headed Woman". Angalia tarehe hizo. Mlipuko wa Elvis ulikuwa 1956 na 1957. Utaratibu ulikuja mlipuko umeshapita, na nyimbo za nyuma hazikupewa cheti kwa heshima tu. Mtu alitakiwa arudi kwenye makabati, atoe vitabu, aombe.

Tena kipimo chenyewe kilikuwa na mambo yake. Kwa singo, dhahabu ilikuwa nakala milioni moja. Kwa albamu, dhahabu ilikuwa mauzo ya dola milioni moja kwa bei ya kiwandani. Yaani singo ilipimwa kwa vipande na albamu kwa pesa. Chukulia albamu inayotoka kiwandani kwa dola mbili: inahitaji nakala 500,000. Ya dola moja inahitaji milioni nzima. Rekodi ya bei nafuu inaweza kuingia katika nyumba mara mbili zaidi na bado isionekane.

Hili kwa Elvis halikuwa jambo dogo. RCA walikuwa na lebo ya bei ya chini, Camden, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 walimtoa huko kwa wingi. Albamu yake ya Krismasi ya 1957 ilikuwa na nyimbo 12. Mwaka 1970 Camden waliitoa upya kwa bei rahisi, ikiwa na nyimbo 10 na mpangilio mwingine, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa mojawapo ya rekodi zake zilizouzwa kuliko zote, ikifika kiwango cha almasi, yaani nakala milioni 10. Kwa kanuni ya dola ingesota. Bahati yake, mwaka 1975 RIAA waliweka sharti la nakala 500,000 kwa albamu ya dhahabu, na mwaka uliofuata wakaleta platinamu kwa nakala milioni moja. Tangu hapo albamu ya bei ya chini na ya bei ya juu zikawa na uzito mmoja. Nadhani ulikuwa uamuzi mzuri, ingawa sababu yake haikuwa kumtendea haki mnunuzi maskini. Bei za rekodi zilikuwa zimepanda, na dola milioni moja ilikuwa imeanza kupatikana kirahisi mno.

Halafu kuna suala la karatasi. Cheti cha RIAA hakiji chenyewe. Kampuni inaomba, inalipia ukaguzi, inaonyesha vitabu. Rekodi isiyoombewa inabaki bila cheti hata ikiwa imeuza mara tano ya kiwango. Kwa hiyo orodha ya "waliothibitishwa" inaonyesha pia juhudi ya makarani wa kampuni, na juhudi hiyo hutegemea faida. Msanii aliye hai, anayetoa albamu mpya, anaombewa haraka kwa sababu cheti ni tangazo. Msanii wa zamani hukaa foleni.

Kwa Elvis kulikuwa na kitu kingine ambacho wachambuzi wengi hukipita bila kugeuka. Machi 1973 meneja wake, Kanali Tom Parker, aliiuzia RCA haki ya mrabaha wa nyimbo zote zilizorekodiwa mpaka wakati huo kwa dola milioni 5.4, naye na Elvis wakagawana nusu kwa nusu. Wengi wanalitazama tukio hilo kama dhuluma, na sitawapinga. Mimi nalitazama pia kama tukio la kihasibu. Mrabaha ndio humfanya mhasibu ahesabu kila nakala, kwa maana kila nakala ni deni kwa mtu ambaye mwanasheria wake anaweza kugonga mlango. Deni likishafutwa kwa mkupuo, nani tena atadai taarifa kila baada ya miezi sita kwamba "Heartbreak Hotel" imetoka nakala ngapi? Kampuni inabaki kujihesabia yenyewe, kwa mahitaji yake yenyewe. Nyimbo za kabla ya 1973 ndizo nyimbo za Elvis ambazo dunia inazijua. Kwa hiyo sehemu iliyouza kuliko zote ndiyo iliyopoteza mtu wa kudai hesabu.

Ndipo unapoelewa kilichotokea Agosti 1992. Elvis alikuwa amefariki miaka 15. RCA, ambayo sasa ilikuwa mali ya kampuni ya BMG ya Ujerumani, ilikuwa imepitia kumbukumbu zake za zamani, na RIAA wakakabidhi pale Graceland tuzo 110 za dhahabu na platinamu kwa mpigo. Hakuna nakala hata moja iliyouzwa kwa sababu ya hafla hiyo, lakini kwenye orodha rasmi Elvis aliruka juu kama aliyeuza mamilioni usiku mmoja. Mtu aliyeandika mwaka 1991 kwamba "takwimu rasmi zinaonyesha" alikuwa anasoma hali ya kabati la karatasi. Na aliyeandika 1993 pia.

Tukio hilo linawapa nguvu mashabiki: kama 110 zilikuwa zimefichama, zitakuwa zimebaki ngapi? Hoja ya haki. Kuna vifurushi vya jarida la Reader's Digest vilivyouzwa kwa posta, kuna rekodi za klabu za wanachama, kuna seti zilizotangazwa kwenye televisheni na kuagizwa kwa simu. Sehemu ya hizo haikuwahi kupita dukani. Lakini hoja hiyo ina kikomo, kwa sababu upande wa pili kuna mambo yanayovimbisha namba badala ya kuifinya.

La kwanza ni kusafirisha na kuuza. Vyeti hutegemea nakala zilizotoka kwa kampuni kwenda kwa wauzaji, ukitoa zilizorudishwa. Kwenye maelezo inaonekana safi. Kwenye biashara, rekodi inaweza kukaa miezi ghalani kabla ya kurudi, na cheti kimeshatundikwa ukutani. Mwaka 1978 kampuni kadhaa za Marekani zilisukuma shehena kubwa sokoni, maduka yakazirudisha, na watu wa tasnia wakabaki na utani kwamba albamu fulani ya filamu ilitoka platinamu na kurudi platinamu mbili. Elvis hakuwa na tatizo hilo Agosti 1977. Alipofariki tarehe 16, maduka yalisafishwa kwa siku chache, na kiwanda cha RCA cha Indianapolis kikafanya kazi usiku na mchana kuchapa rekodi zake. Zile zilinunuliwa kweli. Ila hata hapo ujiulize walionunua ni kina nani. Wengi walikuwa watu wa rika lake, wenye rekodi hizo hizo nyumbani tayari, wakinunua tena kwa majonzi.

Na kununua tena ndiyo siri kubwa ya msanii wa zamani. Aliyekuwa na sahani ya 45 alinunua albamu. Akaja kununua kanda kubwa ya gari, ile ya njia nane za sauti kwa mkanda, kisha kaseti. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, Elvis akiwa ameshazikwa miaka mitano, mnunuzi huyo akaanza kununua upya kila kitu kwa sababu santuri imeharibika au mtoto ameikanyaga. Sauti ni ile ile, chumba cha kurekodia ni kile kile, labda wamefuta mikwaruzo. Kampuni ikajua hilo, ikamfungasha kila namna. Mwaka 1992 ilitoa sanduku la CD tano la nyimbo zake zote za miaka ya 1950. Kwa kanuni za RIAA, sanduku la namna hiyo linahesabiwa kwa idadi ya sahani zilizomo, kwa hiyo masanduku 100,000 yanatosha dhahabu ya 500,000. Wateja 100,000. Soma tena sentensi hiyo ukiwa na orodha ya vyeti mbele yako.

Uingereza walitupa mfano mzuri kuliko huo. "It's Now or Never" ilipotoka huko mwaka 1960 iliuza zaidi ya nakala milioni moja na kukaa namba moja wiki nane. Mwanzoni mwa 2005, kwa kumbukumbu ya miaka 70 ya kuzaliwa kwake, kampuni ilizitoa upya singo zake zilizowahi kushika namba moja, moja kila wiki, kwa nakala chache na sanduku la kuzikusanyia. "Jailhouse Rock" ikarudi namba moja, "One Night" ikawa namba moja ya elfu katika historia ya chati ya Uingereza, na "It's Now or Never" ikafuata. Soko la singo lilikuwa limekauka kiasi kwamba wakusanyaji waaminifu, wakinunua wote wiki moja, walitosha kuitawala chati. Kwenye wasifu wake kila moja inasomeka "namba moja", na ile ya 1960 imeandikwa kwa wino ule ule wa 2005.

Kaunta halisi ya mauzo Marekani ilianza mwaka 1991, mfumo wa SoundScan ulipoanza kusoma alama za msimbo kwenye mashine za malipo madukani. Kwa mara ya kwanza tukajua nakala ngapi mteja amebeba. Albamu ya Elvis ya nyimbo 30 zilizoshika namba moja, iliyotoka Septemba 2002, iliingia juu ya chati ya Marekani wiki yake ya kwanza kwa mauzo ya karibu nakala 500,000, miaka 25 baada ya kifo chake. Namba hiyo naiamini kuliko namba yoyote ya miaka ya 1950, na naona ajabu kidogo kwamba sehemu ya historia yake tunayoijua kwa uhakika ni ile ambayo hakuwepo.

Halafu intaneti. Upakuaji wa nyimbo haukuleta shida kubwa, maana wimbo uliopakuliwa bado ni kitu kilichonunuliwa. Shida ilikuja na kusikiliza bila kununua. RIAA waliingiza usikilizaji wa mtandaoni kwenye vyeti vya nyimbo mwaka 2013, na Februari 2016 wakauingiza kwenye albamu: nyimbo 10 zilizopakuliwa ni albamu moja, na mara 1,500 za kusikiliza ni albamu moja. Kwa wimbo mmoja, mara 150 ni sawa na nakala moja. Billboard, kwa chati zake, ilishaanza na 1,500 tangu Desemba 2014, na mwaka 2018 ikatofautisha anayelipia huduma na anayesikiliza bure: 1,250 kwa wa kwanza, 3,750 kwa wa pili.

Hapo ndipo siri inapovuja. Kama namba hizi zingekuwa zinapima kusikiliza, masikio ya anayelipia na ya asiyelipia yangekuwa sawa. Yametofautishwa kwa sababu pesa zinazoingia ni tofauti. Tumerudi 1958, kwenye ile kanuni ya dola milioni moja, isipokuwa safari hii pesa imevalishwa nguo za vipande ili iweze kujumlishwa na vipande vya zamani. Sina ugomvi na anayetaka kupima pesa. Ugomvi wangu ni kuipa jina la "nakala".

Fanya hesabu mwenyewe. Mtu anasikiliza albamu ya nyimbo 12 mara moja kila siku kwa mwaka mzima. Hizo ni mara 4,380, karibu albamu tatu kwa kanuni ya RIAA. Babu yake aliyenunua albamu hiyo hiyo ya santuri na kuisikiliza vile vile kila siku alihesabiwa moja, na aliendelea kuwa moja miaka yote aliyoicheza. Aliyeinunua, akaisikiliza mara mbili, akaifungia kabatini, naye ni moja. Zamani tulihesabu uamuzi wa kununua na hatukujua lolote kuhusu kusikiliza. Sasa tunahesabu kusikiliza, na uamuzi wa kununua haupo tena. Uwiano wa 1,500 ni makubaliano ya mezani kati ya watu wenye maslahi, na mezani hapo hapo unaweza kubadilishwa. Ukibadilishwa kesho, Elvis "atauza" zaidi au pungufu bila wimbo wake hata mmoja kuguswa.

Kwa Elvis kuna mkanganyiko zaidi. "Can't Help Falling in Love" ilitoka kwenye albamu ya filamu ya 1961, kisha ikawekwa kwenye mikusanyiko isiyo na idadi. Ukiusikiliza leo kwenye simu, ni albamu gani imeuza? Na usikilizaji huo huo unaweza kuhesabiwa kwenye cheti cha wimbo na tena kwenye cheti cha albamu. Ukizijumlisha orodha mbili za RIAA, ya singo na ya albamu, kama wengi wanavyofanya kwa haraka, umehesabu sikio moja mara mbili.

Uingereza kuna nafuu fulani. Tangu Julai 2013 chama chao, BPI, hutoa vyeti vyenyewe takwimu zikifika kiwango, bila kampuni kuomba. Lakini takwimu hizo zinaanzia miaka ya 1990, na BPI yenyewe ilianzishwa 1973, kwa hiyo Elvis wa 1956 hayumo.

Sisi huku pwani tusicheke. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay na kampuni ya HMV mwaka 1928, na takwimu inayorudiwa ni kwamba kufikia 1931 sahani 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Ukiifuatilia unakuta mwandishi huyu anasema ni sahani za Siti, yule anasema ni za muziki wote wa Afrika Mashariki. Tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo 72,000 kwa mahali ambapo santuri moja ya mkahawani ilikusanya mtaa mzima ni jambo la kushangaza, na hakuna kanuni ya mezani inayoweza kugeuza kadamnasi ile kuwa namba. Baadaye zikaja kaseti za kunakiliwa vibandani, ambapo mwimbaji angeweza kusikika kutoka Mombasa mpaka Bujumbura na vitabuni awe ameuza sufuri. Elvis naye alinakiliwa hivyo: kule Umoja wa Kisovyeti vijana walichonga muziki wa roki juu ya picha za eksirei zilizotupwa na hospitali. Hazimo kwenye bilioni wala kwenye milioni 130.

Basi bilioni ni kweli au si kweli? Nitafanya hesabu ya ukarimu. Chukua albamu zilizothibitishwa Marekani, ongeza singo, zungusha juu mpaka milioni 200. Ongeza nusu yake kwa ajili ya klabu, posta na rekodi zilizosahauliwa: 300. Sema dunia nyingine yote ilinunua sawasawa na Marekani: 600. Nimekuwa mkarimu kila hatua na bado nipo mbali. Kufika bilioni inabidi nchi za nje ziwe zimenunua milioni 700, zaidi ya mara mbili ya Wamarekani, kwa mwimbaji ambaye maonyesho yake pekee nje ya Marekani yalikuwa Kanada mwaka 1957. Siamini.

Bilioni inapatikana kwa njia moja tu ninayoiona: ukiacha kuhesabu sahani, ukahesabu nyimbo. EP ya nyimbo nne iwe nne, albamu iwe 12, singo iwe mbili kwa pande zake. Kwa kipimo hicho milioni 130 za albamu peke yake zinavuka bilioni moja na nusu, na Graceland watakuwa wamejipunja. Hakuna ubaya kuhesabu nyimbo. Ndivyo simu zetu zinavyohesabu sasa. Lakini basi Bing Crosby, ambaye alitawala enzi ya 78 yenye nyimbo mbili kwa sahani, naye ahesabiwe hivyo hivyo, na Beatles na albamu zao za nyimbo 14, na kila aliyewahi kupangwa naye kwenye jedwali moja. Si haki kumpa Elvis kipimo cha nyimbo na wenzake kipimo cha sahani, kisha kushangaa kwa nini amewaacha mbali.

Ningekuwa mhariri wa burudani ningekataa neno "ameuza" kupita peke yake kwenye habari ya msanii wa zamani. Liandikwe na kilichohesabiwa: nakala zilizosafirishwa Marekani kwa mujibu wa vyeti, nakala zilizopita kaunta tangu 1991, mara za kusikilizwa mtandaoni tangu tarehe fulani. Mistari mitatu, bila jumla chini yake. Kwa Elvis mstari wa kwanza peke yake unamweka pamoja na Beatles na mwimbaji wa country Garth Brooks kwenye nafasi tatu za juu kabisa Marekani kwa albamu, na hilo alilifikia kwa karatasi zilizokaguliwa.